Mistari ya Rangi na Siku za Kufua

Barua niliyoandika ilikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema nimekagua rekodi za mfumo wetu na sikuona hitilafu yoyote. Ya pili ilisema zamu zote tatu zilizoulizwa zilifutwa na mhudumu mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe. Niliituma kwa mkuu wangu Louisville, yeye akaipeleka kwa wakala wa huduma za nyumbani kule Buffalo, na kesho yake mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa.

Hilo la mwisho sikuambiwa. Mimi nilikuwa Columbus, kwenye ghorofa yetu jirani na Morse Road, na baada ya kuituma ile barua nilishuka dukani kununua unga wa muhogo na dagaa, nikarudi, nikaendelea na kazi nyingine. Ilinichukua kama dakika ishirini kuiandika, pamoja na kuangalia nilichoangalia.

Kampuni yetu ni ndogo. Tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya watu wanaohudumia wazee na wagonjwa majumbani. Mhudumu akifika kwa mzee wake anabonyeza kitufe cha kijani, mfumo unaandika kwamba amefika. Akimaliza anabonyeza chekundu. Ikipita robo saa tangu zamu ianze na mfumo haujapata uhakika kwamba amefika, unaiachia ile zamu ili mtu mwingine aichukue, maana mzee hawezi kukaa bila mtu. Sehemu hiyo ya kuhesabu robo saa niliiandika mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipokuwa bado naishi Highview, kusini mwa Louisville, kwenye nyumba za kupanga zinazotazamana na safu ya maduka. Niliijaribu kwenye maegesho ya maduka yale, nikitembea na simu mkononi kama mtu aliyepoteza gari lake. Ilifanya kazi kila mara. Baadaye mke wangu alipata nafasi ya kusomea uuguzi Columbus, tukahama, na mkuu wangu akakubali nifanyie kazi nyumbani.

Mke wangu ndiye aliyeniharibia raha. Mwishoni mwa juma yeye mwenyewe hufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo mambo ya zamu anayajua. Tulikuwa tunakula, nikamsimulia habari ya Buffalo kama mtu anavyosimulia kitu kidogo cha kazini. Aliniuliza yule mhudumu alisema nini. Nikamwambia rekodi iko wazi.

"Sijauliza rekodi," akasema. "Nimeuliza yeye alisema nini."

Nikasema sijui. Akaendelea kula. Hakuongeza neno, na ningependa angeongeza, kwa sababu ningepata la kujitetea.

Wiki iliyofuata mkuu wangu alinipigia simu. Ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kentucky, mtulivu, mwenye tabia ya kuuliza swali moja kisha kunyamaza mpaka umjibu. Alisema meneja wa Buffalo anafanya kikao cha simu na yule mhudumu, ni Mkongomani kutoka Kivu, Kiingereza cha kazi anakijua lakini katika jambo la kujieleza anataka lugha yake. Je, ningeweza kutafsiri? Nilikubali. Nilijiona natoa msaada. Wala sikumkumbusha mkuu wangu kwamba barua ile ya sentensi mbili niliiandika mimi, ingawa najua alikuwa hajasahau.

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Meneja alizungumza kwanza, kwa adabu, kisha akanipisha. Kwa sauti nilimkadiria yule mama ana umri wa kuwa mama yangu, nikasema, "Shikamoo, Mama." Halafu akasema, "Jambo, papa. Weye ni wa Tanzania." Nikacheka, naye akacheka kidogo, na hiyo ndiyo ikawa furaha pekee ya kikao kile.

Nilimuuliza, kwa niaba ya meneja, kwa nini alifuta zamu zake.

"Mi sikufuta kitu," akasema. "Nilifika, nilifinya ya kijani, kale kaduara kakazunguka, nikaweka simu ndani ya sakoshi, nikaanza kazi. Njo vile tu."

Nilitafsiri. Kwetu kufinya ni kile mzazi anachomfanyia mtoto mtukutu, na mkoba hatuuiti sakoshi, lakini nilielewa. Meneja akauliza inawezekanaje basi mfumo uonyeshe vingine, tena zamu zenyewe zikakosa mtu mwingine wa kuzichukua. Mama akaeleza kwamba siku hizo, alipokuwa anatoka, simu ilimwambia hakuna kazi iliyofunguliwa, na yeye alidhani imeshajifunga yenyewe. Akasema aulizwe mzee. Meneja akajibu, kwa masikitiko ya kweli nadhani, kwamba mzee alishaulizwa. Alikuwa mstaafu wa kiwanda fulani pale Tonawanda, anaishi peke yake. Mzee alisema mhudumu alikuja siku zote. Lakini mzee huyohuyo alisema pia kwamba mke wake ameenda sokoni, na mke wake alikwisha kufariki miaka mingi iliyopita.

Nilimtafsiria mama hayo. Kisha akazungumza polepole, na nilijua anazungumza na mimi tu.

"Hii usimwambie. Labda nilifinya na sikujua. Mama yangu naye alianzaka vile. Binti yangu sasa ananiuliza kila asubuhi leo ni siku gani."

Meneja akauliza amesema nini. Nikamjibu kwamba ni jambo lake binafsi, haliko kwenye kikao. Tukaagana wote watatu.

Nilibaki nimekaa. Kile ambacho mke wangu aliuliza sasa nilikuwa na jibu lake, na halikunipendeza. Mama yule hakuwa anapigania kazi peke yake. Alikuwa ameanza kuiamini rekodi yetu kuliko anavyoiamini akili yake.

Nikafungua kompyuta na kufanya kile ambacho nilipaswa kukifanya mara ya kwanza. Awali nilikuwa nimetazama rekodi ya zamu tu, ule mstari wa mwisho unaosema nani alifanya nini. Sasa nikaenda kwenye kumbukumbu zenyewe, zile ambazo mfumo huandika kila unapofanya jambo lolote, mstari baada ya mstari. Na ndani yake, siku zote tatu, nikaukuta ujumbe wa kijani kutoka kwenye simu yake: amefika. Kisha, zaidi ya dakika kumi baadaye, zamu imefutwa, na mfutaji ni yeye. Mtu anafika, anakaa hivyo, halafu anajifutia zamu na bado anaendelea kufanya kazi kwa muda wa saa nne? Haikuwa na maana.

Lakini pale katikati sikuweza kuona chochote. Programu ya namna hii haifanyi jambo moja likaisha ndipo ianze la pili. Ni kama mtu anayetuma ujumbe kwa watu watatu, na badala ya kukaa akisubiri majibu anaosha vyombo. Jibu moja likija anafuta mikono, anasoma, anarudi kwenye vyombo. Mfumo wetu unafanya hivyo kwa mamia ya watu kwa wakati mmoja, na kila mara unapogusa jambo unaandika mstari. Kwa hiyo mstari wa mama wa Buffalo ulifuatiwa na wa mtu wa Louisville, na wa mtu wa Columbus, na wa kwanza tena, na huwezi kujua ni nani anamsubiri nani. Nilisoma mistari hiyo siku mbili nzima. Niliichapa kwenye karatasi, nikaichora kwa kalamu za rangi, nikaitandaza mezani mpaka mke wangu akakosa pa kuweka vitabu vyake.

Siku ya pili mchana mkuu wangu alipiga simu kuuliza nimefika wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kama nimetumia ile zana ya picha aliyoiweka majira ya joto yaliyopita. Nikasema bado.

Ukweli ni kwamba niliidharau. Ni zana inayochukua mwenendo wa programu na kuuchora kwenye skrini: kila kazi inakuwa pau moja inayotoka kushoto kwenda kulia kadiri muda unavyokwenda. Kazi ikiwa inafanyika, pau ni bluu. Ikiwa imekaa inasubiri jibu, pau ni ya njano hafifu. Kazi moja ikizaa nyingine, mshale unashuka kutoka ya juu kwenda ya chini. Wenzangu waliipenda. Mimi nilijifunza kazi hii Dar es Salaam kwenye chumba chenye kompyuta nne, kwa kusoma mistari, na nilijisifu kwamba naweza kusoma mistari. Picha niliziona kama za watoto.

Niliifungua. Ikanigomea mara moja: michoro ya siku zile tatu haikuwepo tena, maana zana huitunza kwa muda mfupi kisha inaifuta. Kama nataka picha, itabidi tukio litokee tena mbele yangu. Na mimi sikujua linatokeaje.

Basi nikampigia mama. Namba aliiacha mwenyewe kwa meneja. Nilimwambia mimi ni yule mtafsiri, na kwamba pia nafanya kazi kwenye kampuni iliyotengeneza programu ya simu yake. Sikumwambia zaidi ya hapo, na nilijiona mwoga. Nikamwomba anieleze siku yake kwa mzee tangu mlangoni, hatua kwa hatua, hata vitu ambavyo anaona havina maana. Akaeleza bila haraka: kufika, kitufe, kuvua viatu, chai ya mzee, dawa, kitanda. Nilimtajia zile siku tatu na kumuuliza kama zilikuwa na tofauti.

Akafikiri. "Zile ni za kufua," akasema. "Siku za kufua nashuka kule chini mbio, mbele hata ya chai, juu mashine yake inakawia sana, na nabaki kule kidogo kupanga manguo."

"Na simu?"

"Iko ndani ya sakoshi. Sakoshi naenda nayo. Siiachaka ovyo mu nyumba ya watu."

Alimaanisha kwamba haachi mkoba wake ukizagaa kwenye nyumba ya mtu. Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikakaa nikitazama ukuta. Jengo letu nalo lina chumba cha kufulia, chini ya ardhi, kuta za zege, na kila mpangaji anajua kwamba ukishuka mle huwezi kumpigia mtu.

Nilichukua simu yangu ya majaribio, nikajitengenezea zamu ya uongo, nikasimama kwenye ngazi na kubonyeza kijani. Kaduara kakazunguka. Nikashuka. Ilikuwa mchana wa katikati ya juma; mlikuwa na jirani mmoja tu, Msomali, anakunja mashuka, akanisalimia na kuniuliza nguo ziko wapi. Nikamwambia nimekuja kupima simu. Akaitikia kama mtu aliyesikia jambo la kawaida. Nilikaa kwenye benchi mbele ya mashine inayozunguka na simu isiyo na mtandao mfukoni, nikahesabu dakika ishirini kwa saa ya ukutani, kisha nikapanda ngazi mbili mbili.

Zamu ilikuwa imefutwa. Aliyefuta: mimi.

Nikafungua ile picha. Sikuhitaji hata kukaa.

Pau ya juu kabisa ilikuwa ile ya kupokea ujumbe wa kijani. Ilianza bluu, kipande kifupi kama ukucha, kisha ikageuka njano na kwenda, na kwenda, ikavuka skrini. Ilikuwa inasubiri. Mfumo ukipokea kijani huiuliza simu iko wapi, ili mtu asibonyeze akiwa kitandani kwake, na ndani ya nyumba simu huchukua muda kujitafuta; yangu ilikuwa imeshashuka chini ya zege, haikuwa na namna ya kujibu. Chini ya pau hiyo kulikuwa na nyingine ya kijivu, ile saa yangu ya kuhesabu robo saa. Ilipaswa kukatika pale ujumbe wa kijani ulipoingia. Haikukatika. Ilitembea taratibu chini ya ile njano, ikafika mwisho wake, na pale mwisho ikazaa pau ndogo nyekundu: futa zamu.

Nilibofya ile ya kijivu, na zana ikanifungulia msimbo wenyewe mahali pake. Mstari wa kuisimamisha saa ulikuwepo. Ulikuwa umekaa chini ya mstari wa kusubiri jibu la simu, badala ya kukaa juu yake. Kwa hiyo mfumo uliiacha saa iendelee kuhesabu mpaka simu ijibu. Kwenye maegesho ya Highview simu ilijibu kabla sijapepesa jicho, na sikuwahi kufikiria mtu anayeteremka chini ya nyumba na kapu la nguo. Na lile jina la mfutaji lilitokana na uvivu wangu mwingine: sehemu ya kufuta ilikuwa inaandika jina la mtu wa mwisho kuigusa zamu. Wa mwisho alikuwa mama, kwa kidole chake, alipobonyeza kijani kuonyesha kwamba amefika.

Aibu ilikuja, lakini haikuja ya kwanza. Cha kwanza kilikuwa wepesi, kama mtu anayeteremsha ndoo ya maji kichwani. Siku mbili niligombana na mistari ambayo haikuniambia kitu, na sasa jambo zima lilikuwa mbele yangu kwa rangi nne, na hata mtoto angeweza kunionyesha kwa kidole. Akili ya yule mama ilikuwa nzima. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu aliyekuwa karibu alikuwa yule jirani aliyepanda na mashuka yake. Nikamwambia nimepata. Akanipongeza, akaenda zake.

Nilimpigia mkuu wangu na kumweleza yote, pamoja na kwamba mstari ulikuwa wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilisubiri anikemee.

"Andika barua nyingine," akasema. "Iwe ndefu kuliko ile ya kwanza."

Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: ni nani wengine? Niliutumia mchana wote kutafuta. Walikuwepo wachache, mmoja kwenye nyumba ya matofali Louisville, wengine hapahapa Columbus, zamu moja hapa na moja pale, wote watu waliofika kazini na kuandikwa kwamba hawakuwepo. Hakuna aliyekuwa amelalamika. Nadhani kila mmoja alijilaumu mwenyewe au alimlaumu mtu wa zamu iliyofuata. Tulizirekebisha rekodi zao zote na kumwandikia kila mmoja. Msimbo nao niliusahihisha: mstari ule nikaupandisha juu, na nikafanya kwamba mashine ikifuta zamu iandike jina lake yenyewe. Wenzangu waliujaribu siku mbili. Niliwaomba waujaribu wakiwa chini ya majengo.

Barua ilipokwisha kufika Buffalo na meneja akasema mama atarudi kazini Jumatatu, nilimwomba asimweleze sababu kwanza, nataka niende mwenyewe kumweleza. Mkuu wangu aliruhusu, kwa sababu ilifaa programu ijaribiwe kwenye nyumba ileile. Mke wangu aliniambia nisivae lile koti lililochanika mfuko. Ijumaa asubuhi niliondoka Columbus, na kabla ya saa saba mchana nilikuwa upande wa magharibi wa Buffalo, nimesimama mbele ya nyumba ya mbao ya orofa mbili, theluji ya mwisho imelala kwenye vivuli tu.

Binti wa yule mama ndiye aliyefungua, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza na kunipitisha jikoni. Mama alikuwa mfupi kuliko sauti yake, kitambaa cha bluu kichwani, amekaa wima. Kwenye milango ya makabati kulikuwa na karatasi ndogo zilizobandikwa: sukari, chumvi, dawa, vikombe. Mwandiko ulikuwa wa binti. Niliziona, na mama aliniona nikiziona.

Nilikuwa nimejipanga kuanza na salamu na habari za safari. Nikajikuta nimesema papo hapo kwamba kosa halikuwa lake.

Nikaweka kompyuta mezani na kufungua picha. Alivaa miwani. Nilimwonyesha ile bluu fupi, nikamwambia hapa ndipo ulipofinya ya kijani. Hii njano simu inatafutwa na haipatikani, uko chini unafua. Hii ya kijivu ni saa. Aliifuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Na hii nyekundu? Ni nani?"

"Ni mashine, Mama. Na mashine niliiandika mimi. Hata ile barua ya kusema ni wewe, niliiandika mimi."

Aliondoa kidole kwenye skrini. Aliniangalia juu ya miwani.

"Ulifikiri miye ni muongo?"

Nilikuwa na majibu mazuri niliyoyaandaa barabarani. Nikayaacha yote. "Sikukufikiria kabisa," nikasema. "Niliangalia rekodi tu."

"Hiyo njo mbaya zaidi," akasema.

Nikakubali kwamba ndiyo mbaya zaidi. Kisha akairudia ile picha, akaiangalia tena tangu mwanzo, njano yote, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha na kutaka kuhakikisha herufi.

"Donc, basi, haikukuwa miye."

"Haikuwa wewe."

Akamwita binti yake. Akamkalisha kwenye kiti chake na kumweleza yeye mwenyewe, pau kwa pau, na hakukosea hata moja. Binti aliuliza maswali mawili kwa Kiingereza, akajibiwa yote mawili kwa Kiswahili. Halafu binti akainama na kumshika mama yake mabega kutoka nyuma, akakaa hivyo muda, uso wake sikuuona. Alipoinuka alikwenda kwenye makabati na kuanza kubandua zile karatasi, moja moja, akizikunja mkononi.

"Ya chumvi acha," mama akasema. "Hiyo inafanana na sukari."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikajiruhusu kucheka.

Mchana ule tulikwenda Tonawanda kwa gari langu. Meneja alikuwa amepanga tufanye zamu fupi ya majaribio, na mhudumu wa muda alikuwa ameshaondoka. Mzee alifungua mlango mwenyewe, mrefu, shati limefungwa vifungo kimakosa, akamtazama mama na kumwambia kwamba amechelewa na kwamba soksi zake hazionekani. Hakumwuliza alikuwa wapi. Mama alimfungulia vifungo na kumfungia upya, akimjibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba soksi ziko kwenye droo ya pili, kama siku zote. Kisha akatoa simu, akabonyeza kijani, akaniangalia.

Tulishuka. Kulikuwa na joto na harufu ya sabuni. Akaweka nguo kwenye mashine, tukakaa kwenye viti viwili vya plastiki. Aliniuliza habari za wazazi wangu Iringa, nikamwambia. Akanisimulia juu ya nyumba yake ya zamani Uvira, jinsi alivyokuwa anafulia nje na jua linakausha kwa saa moja, na jinsi alivyoshangaa alipoona hapa watu wanaficha kufua chini ya nyumba. Nilikuwa nasikiliza na huku nikichungulia saa. Robo saa ikafika. Ikapita. Nikawa nimeshika magoti yangu bila kujua. Mama aliona, akaniambia tungoje mashine imalize, ili iwe kazi ya kweli.

Tulipopanda, simu ilishika mtandao kwenye ngazi ya tatu. Ikatoa mlio. Mama aliisoma, akanipa nami niisome: zamu yako inaendelea. Jina lake, saa aliyofika, dakika kwa dakika. Nilimwomba ruhusa nikae kidogo kwenye kiti cha mzee, niandike matokeo. Mzee akanitazama na kumwuliza mama huyu ni nani. Mama akamwambia ni mtu wa simu. Mzee akasema basi atengeneze na ya kwake, haisikiki vizuri. Nikaitengeneza. Sauti ilikuwa imeshushwa tu.

Niliwarudisha mama na sakoshi yake nyumbani, na kabla sijaondoka binti alinikabidhi bakuli lililofungwa kwa karatasi ya fedha: ugali, sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, na samaki wa moshi. Nilisimama mahali pa kupumzikia madereva, baada ya Erie, bado kuna mwanga. Nilikula kwa mkono ndani ya gari, madirisha yamefungwa, na sombe ile ilikuwa na mawese mengi kuliko tunavyopika kwetu. Mkuu wangu alikuwa amenitumia ujumbe kuuliza imekuwaje. Nilitafuta pa kufutia vidole, nikakosa, nikamjibu kwa kidole kidogo kilichobaki safi kwamba iko sawa, wote wako sawa, nitaeleza Jumatatu. Kisha nikamalizia samaki.